Mtoto wa Yaya

Daktari Mwingereza John Bowlby alifundisha mwaka 1951 ya kuwa mtoto mchanga hahitaji chakula tu, bali mapenzi ya mama au ya mlezi wa kudumu. Bibi Mary Ainsworth akayachungua hayo Uganda mwaka 1954 na 1955, akaona watoto wakishikamana na mama zao, na jamaa wengine pia. Sisi hatustaajabu: Mtume (S.A.W.) alinyonyeshwa na Bibi Halima.

Lakini tazameni Nairobi. Yaya hutoka Kawangware alfajiri kwenda Lavington kumpakata mtoto wa tajiri. Na wake, ampakate nani? Aya ya 233 ya Al-Baqara yaruhusu kumtafutia mtoto mnyonyeshaji, kwa sharti alipwe kwa wema. Basi, ndugu zetu, ujira usiomwezesha yaya kumlea mwanawe ni dhuluma.