Jina Ubavuni mwa Muhuri

Hapa Kampala huendi mbali bila muhuri. Ukitaka kitambulisho cha taifa, utaambiwa ulete barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, na barua isiyogongwa muhuri ni karatasi tu.

Mihuri hiyo hutengenezwa katika mtaa wa Nasser Road. Zamani fundi alikata mpira kwa wembe, herufi moja moja, zote zikiwa kinyume. Leo mashine ya leza humaliza kazi mteja akinywa chai. Wengi pale wanajitafutia riziki ya halali, ila mtaa wao umebeba pia sifa ya vyeti na mihuri ya kughushi.

Nikipita huko humfikiria Qi Baishi, Mchina aliyezaliwa mwaka 1864 katika familia ya wakulima mkoani Hunan. Alianza na useremala, akaja kuvuma kwa uchoraji na uchongaji wa mihuri. Kazi hiyo haitaki pupa. Fundi husugua uso wa jiwe laini hadi uwe sawasawa, huandika jina kinyume kwa brashi, ndipo hushika kisu. Wengine hukata kila mstari pande zote mbili. Qi alipitisha kisu mara moja, na ukingo uliomeguka akauacha ulivyo. Mwaka 2009 UNESCO iliitambua sanaa hii, ikaiweka katika orodha ileile yenye lubugo, nguo yetu ya gome la mutuba.

Lakini kinachonigusa kiko ubavuni mwa jiwe. Usoni hukaa jina la mwenye muhuri. Ubavuni, fundi huchonga lake, pengine na mwaka. Kazi ikisifiwa, anasifiwa yeye. Ikiharibika, hana pa kujificha.

Sisi tunapambana na mihuri bandia kwa polisi na mahakama, na ni sawa. Ila wateja nasi tumo: tunauliza bei na saa ya kuchukua mzigo, jina la fundi halituhusu. Asiyejulikana ana nini cha kupoteza?

Ningependa kila muhuri wa Nasser Road uwe na jina la aliyeutengeneza kwenye mpini. Mghushi anaweza kughushi hata hilo, najua. Hata hivyo, fundi mwaminifu atakuwa na jina la kulinda, na mteja atajua pa kurudi. Chema chajiuza, lakini lazima kijulikane kimetoka mikononi mwa nani.