Muulize Aliyemlea

Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado wanapeana mikono nje ya kanisa, kijana mmoja na mkewe walinisubiri pembeni. Wameuza mahindi yao, wameongezea akiba ya mke kutoka kwenye kikoba, na sasa wanataka kununua mtamba.

"Shikamoo, Mchungaji," kijana akaanza. "Uwezo wetu ni ng'ombe mmoja tu, kwa hiyo tunataka awe wa kila kitu. Atupe maziwa mengi, azae kila mwaka, avumilie jua la huku chini, asiugue ovyo, na siku ada za watoto zikitubana tumuuze kwa bei nzuri. Tuchukue wa aina gani?"

Kabla sijajibu, mkewe akasema kwa sauti ya chini, "Na tumpate kwa nani, Baba? Tunaogopa kudanganywa."

Maswali hayo mawili nimekaa nayo wiki nzima. La kwanza huulizwa na kila anayetaka kufuga. La pili huulizwa na wachache, nami naamini ndilo lenye uzito zaidi. Lakini tuanze na la kijana, maana ni swali la haki.

Wewe unaijua Nduruma yetu. Ukiiacha barabara ya Moshi na kushuka, mlima unabaki nyuma yako, migomba inapungua, vumbi na joto vinaongezeka. Mto unashuka kutoka Mlima Meru kama zamani, ila ukifika huku chini maji yake yameshapita kwenye mifereji na mashamba ya watu wengi. Sasa mchukue Friesian mkubwa, yule mweusi na mweupe ambaye kila mtu humtamani. Akiwa anakamuliwa, anaweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku, na joto likizidi anapoteza hamu ya kula. Kule Kitulo, kwenye baridi ya Makete ambako serikali ina shamba la ng'ombe wa maziwa, yuko nyumbani. Huku kwetu atakuwa mgeni anayehitaji kivuli, maji na majani mapya kila siku. Jersey ana mwili mdogo, anakula kidogo kuliko Friesian, na maziwa yake yana mafuta mengi. Ng'ombe wetu wa kienyeji anastahimili kiangazi na kupe, lakini lita moja au mbili za asubuhi hazilipi ada. Ndiyo maana wafugaji wengi huku huishia kwa chotara, mwenye damu ya mgeni na ya mwenyeji.

Yupo pia ng'ombe aliyetengenezwa kwa makusudi ili afanye kazi zaidi ya moja. Ni Mpwapwa, aliyepewa jina la mji wa mkoani Dodoma alikozalishwa. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita watafiti wa pale walichanganya Sahiwal na Red Sindhi, ambao asili yao ni Bara Hindi, pamoja na Boran, zebu wa kwetu na damu kidogo ya Ulaya, ili mkulima wa nchi kame apate maziwa na nyama kwa mnyama mmoja. Si bingwa wa maziwa wala si bingwa wa nyama. Anatosha katika vyote viwili, na kiangazi kikija bado amesimama. Mimi nampenda ng'ombe huyu. Kazi ya kumpata iliwataka watu wachague, wasubiri, na wachague tena, kizazi baada ya kizazi, na wengi wao hawakuona mwisho wake.

Hamu ya kumpata mnyama mmoja wa kila kitu si ngeni katika nchi hii. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, Fritz Bronsart von Schellendorff alijaribu kufuga punda milia karibu na Kilimanjaro na kuwazalisha na farasi. Farasi walioletwa walikuwa wakifa, kwa nagana inayoenezwa na mbung'o na kwa ugonjwa wa farasi unaoletwa na usubi. Punda milia aliishi humo humo bila shida. Kwa nini basi asipatikane mnyama mwenye utii wa farasi na kinga ya punda milia? Wazo lilikuwa zuri, lakini halikutupa mnyama wa kazi. Hadi leo farasi tunaowaona kwenye mashamba machache huku kwetu wanahitaji uangalizi wa karibu sana, na mizigo yetu bado inabebwa na punda wa kawaida.

Mpendwa, je, umewahi kumwekea mtu matumaini ya namna hiyo? Mke awe mpole, awe hodari wa biashara, awe mwombaji, asichoke kamwe. Mtoto wa kwanza afaulu, awasomeshe wadogo zake, awajengee wazazi, na asiondoke nyumbani. Tunaanza kwa kupenda. Halafu polepole, bila kujua, tunahesabu kile mtu asichotoa. Nadhani upendo hujiuliza jambo jingine kwanza: kwangu kuna nini cha kumfanya huyu astawi? Kuna kivuli? Kuna maji? Nimeandaa nini kabla hajafika?

Kwa hiyo nilimwambia kijana atembee shambani kwake kabla ya kutembelea mnada. Apime maji aliyonayo mwezi wa tisa, si mwezi wa nne. Ahesabu mabua atakayovuna, akikumbuka kwamba wafugaji wa huko juu mlimani nao hushuka kuyanunua. Akimaliza, aina ya ng'ombe itakuwa karibu imejichagua yenyewe.

Sasa nije kwa swali la mama yule.

Mfugaji mwema utamjua kwa mambo madogo. Mwombe umwone mama wa mtamba, na uwepo wakati anakamuliwa. Uende jioni, kisha urudi asubuhi, kwa sababu wapo wanaoacha kumkamua jioni ili kiwele kijae mnunuzi atakapokuja. Chuchu zote nne zitoe, na maziwa yasiwe na mabonge. Uliza juu ya chanjo ya ndigana kali, ambayo mnyama aliyeipata huvishwa heleni. Uliza kama kuna aliyetupa mimba zizini. Omba daftari lenye tarehe ya kuzaliwa, dume lililotumika, na siku ya kupandishwa. Kama mtamba alitokana na mbegu, jina au namba ya dume iwepo. Tuna neema ya kuwa jirani na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River, ambako mbegu za madume ya aina mbalimbali, Mpwapwa akiwemo, huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hakuna sababu ya mtu wa Nduruma kuuziwa ng'ombe asiye na ukoo akaambiwa ndivyo ilivyo.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye daftari. Omba kuonyeshwa ng'ombe wake mzee kuliko wote. Mtazame mgongo, kwato, na namna anavyomwangalia mwenyewe anapomkaribia. Mnyama asiye na faida kubwa tena ndiye anayeonyesha moyo wa mfugaji.

Kila ninapofikiri juu ya mfugaji mwema humkumbuka Yakobo. Kwa miaka 20 alichunga mifugo ya Labani, mjomba wake, ambaye alimbadilishia ujira mara kwa mara. Siku ya kuachana, Yakobo alimkumbusha kwamba mnyama aliyeraruliwa porini hakumpelekea Labani kama hasara yake; aliibeba mwenyewe. Joto la mchana lilimchoma, baridi ya usiku ilimpiga, usingizi ukamkimbia. Tukumbuke pia kwamba huyu ndiye Yakobo aliyemdanganya baba yake na kuchukua baraka ya kaka yake. Mtu aliyewahi kudanganya alijifunza uaminifu mahali pa chini kabisa, kati ya mbuzi na kondoo wa mtu mwingine, akidanganywa yeye. Mungu hakumwacha. Je, hilo halikupi tumaini juu yako mwenyewe, na juu ya yule uliyeapa kwamba hawezi kubadilika?

Maana yawezekana umeshadanganywa. Ulinunua ng'ombe ukiambiwa ana mimba, miezi ikapita bila ndama. Na aliyekuuzia mnakutana sokoni Tengeru, pengine mnakaa benchi moja kanisani. Sitakuambia usahau. Fedha ile ilikuwa jasho lako, na ni halali kumwendea ukamweleza, ukiwa na mzee mmoja wa kanisa kama unahofia maneno kukuzidi. Kusamehe hakukulazimishi kununua kwake tena. Kunakuondolea kazi ya kumlisha kila siku ndani ya kifua chako, naye hata hajui kama anakula hapo.

Na kama wewe ndiye uliyemuuzia mwenzako kwa hila? Rudi kwa Yakobo. Alipokuwa akienda kukutana na Esau, kaka aliyemkosea, alimtangulizia zawadi. Isome orodha yake kwa macho ya mfugaji: mbuzi majike 200 na madume 20, kondoo majike 200 na madume 20, ngamia 30 wanaonyonyesha pamoja na watoto wao, ng'ombe 40 na mafahali 10, punda majike 20 na madume 10. Hiyo si nyama ya karamu ya siku moja. Majike na madume yamepangwa yazaliane. Alimpelekea kaka yake kitu ambacho kingeendelea kuongezeka muda mrefu baada ya wao kukumbatiana na kulia. Naye Esau alishamsamehe kabla ya kuzipokea, akasema anavyo vya kutosha.

Nimekaa sana kwenye orodha hiyo wiki hii. Mara nyingi toba yetu ni maneno ya jioni moja. Ingekuwaje kama ungemrudia uliyemkosea na kitu kitakachozaa? Pengine ni mtamba mwenyewe. Pengine ni kazi ya mikono yako shambani kwake msimu huu.

Wapo watu waliogeuza jambo hili kuwa utaratibu. Mwaka 1944 mkulima mmoja wa Marekani, Dan West, muumini wa Kanisa la Ndugu, aliyewahi kugawa maziwa kwa waathirika wa vita Hispania, alianza na wenzake kupeleka mitamba hai kwa familia maskini, kwa sharti kwamba mtamba wa kwanza atakayezaliwa apewe familia nyingine. Tanzania mpango huo, unaoitwa Heifer, ulianza mwaka 1974, na wengi wetu tunaujua kwa jina la kopa ng'ombe, lipa ng'ombe.

Fikiri juu ya miezi ile ambayo ndama yuko zizini kwako nawe unajua si wako. Unaamka alfajiri kumnywesha. Unamwogesha dawa ya kupe. Mama yake unamwangalia kila asubuhi na jioni, maana joto lake hurudi kila baada ya siku 21 hivi na hupita upesi. Ukimwona asubuhi, umwite mtaalamu amhimilishe jioni, na ukipitiwa unasubiri tena. Hakuna anayekusimamia. Yule atakayempokea ndama huenda hujamfahamu bado. Hapo ndipo mfugaji mwema hupatikana, mpendwa, na huyo ndiye ambaye mama yule alikuwa akimuulizia.

Kama umefuga miaka mingi, una daftari zuri na zizi safi, tafadhali lete jina lako kwa katibu wa usharika. Zipo familia changa zinazotafuta mtamba msimu huu, nami ningependa nizielekeze kwako.