Mwezi Hauna Msimu

Agosti ikielekea ukingoni, huku kwetu kusini ya Kilwa Masoko, kusi huanza kulegea na mikorosho hujaa maua. Hakuna anayepita kutangaza. Unatoka alfajiri na ndoo yako, harufu inakupokea mlangoni, tamu yenye ukakasi kidogo, na kabla hakujapambazuka mashine za salfa zinanguruma kila upande. Salfa hupulizwa umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, ili unga ushike kwenye ua na kulikinga na ubwiri unga. Jua likishapanda, unapuliza hasara. Na wakati huohuo ndio wakati wa sala ya alfajiri. Basi msimu huu msikitini hubaki wazee, na vijana husali shambani chini ya mkorosho, mabuti ya mpira pembeni, nyusi zimekuwa za njano.

Mimi nafundisha watoto chuoni, nina mikorosho niliyoachiwa na marehemu mume wangu, na maji yakipwa vizuri nashuka pwani kuchokoa pweza kama wanawake wenzangu. Nayataja haya kwa sababu hayo matatu yananivuta kwenye saa tofauti, na swali nililonalo limetoka hapo.

Wanawake wa upande wetu wana desturi: maua yakishatanda, tunachanga mchele na nazi, tunapikia watoto wa chuo, mzee mmoja anaomba dua, watu wanakula, kwisha. Safari moja ustadhi wetu kijana, ambaye hakuwa ametoka masomoni siku nyingi, alisimama mbele ya masufuria akaniuliza kwa adabu kabisa:

“Mama, sikukuu hii iko mwezi gani?”

“Haina mwezi, mwanangu.”

“Basi si yetu.”

Wenzangu walimkasirikia. Mimi sikuweza, maana nusu ya neno lake ni kweli. Mwaka wetu wa ibada una siku 354 hivi, unaupungukia mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, na hiyo si bahati mbaya iliyosahauliwa kurekebishwa. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na mbinu ya kuahirisha miezi, ili hija na masoko yake viangukie wakati unaowafaa. Aya ya 37 ya Sura At-Tawba iliufunga mlango huo. Kwa hiyo dini yetu haikukosa sikukuu ya maua kwa kupitiwa. Ilikataa kufungwa kwenye msimu.

Kwa nini? Jibu tulilofundishwa ni kwamba mwezi unazunguka ili watu wa kila nchi wagawane saumu fupi na saumu ndefu. Jibu zuri kwa watu wa Norway. Sisi hapa, tulio karibu na ikweta, mchana wa Juni na wa Desemba hupishana kama saa moja tu. Kinachobadilika kwetu ni kazi na chungu. Ramadhani ikija Oktoba au Novemba, korosho ziko ghalani, watu wanasubiri mnada, na futari ina nyama. Ikija Januari au Februari, ghala limebaki na vumbi, palizi limekaba, na mtu anafungua kwa uji wa muhogo. Mwezi huzunguka misimu yote kwa miaka kama thelathini na tatu. Aliyefunga miaka hiyo amefunga kwenye shibe na kwenye njaa, na hakuna kizazi kinachoweza kusema sisi ndio tuliopewa upande mgumu peke yetu.

Nami naongeza langu. Kama tungewekewa sikukuu ya maua, mwaka ambao ubwiri umeyala maua yote tungekwenda kuisali na kinyongo. Shukrani ingekuwa risiti: tumepokea, tumeshukuru. Mwezi unatuamuru kushukuru hata pale ambapo hatuoni cha kushukuriwa.

Hata hivyo, wanaosema mwezi ni wa msikitini na jua ni la shamba hawajawahi kushuka pwani. Bahari nayo inafuata mwezi. Bamvua liko mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katikati ni maji mafu. Mwanamke wa hapa hahitaji jedwali la bandari. Anauliza leo mwezi ngapi, anajua kama miamba itatoka. Siku za bamvua maji hupwa mpaka mwisho kwenye saa nne asubuhi. Sasa hesabu mwenyewe: mosi Mfungo Mosi ni Idi, na ni bamvua. Tumetoka kusali, pilau limefunikwa, na mwamba unaanza kuonekana, mashimo ya pweza yako wazi yanakuita. Nimewaona wanawake wakishuka na fimbo zao za chuma, hina bado mbichi mikononi. Tarehe 13, 14 na 15, siku nyeupe ambazo ni sunna kufunga, nazo bamvua linaingia. Anayezifunga anatembea kwenye jiwe la moto, kiu inamkaba, na tenga linajaa.

Wa zamani waliubeba mgongano wa mwezi na jua kuliko sisi. Hija inakwenda na mwezi, jahazi lilikwenda na pepo, na pepo ni za jua: kaskazi likuteremshe huku, kusi likurudishe Arabuni. Hija ikiangukia wakati wa kaskazi, mtu wa Kilwa alilazimika kuondoka na kusi la kabla yake, akakae ugenini miezi kadhaa akiisubiri. Habari za kale za Kilwa zinasema Sultani Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, ujanani alikaa Aden miaka miwili akisoma, kisha akahiji. Tunasifu elimu yake, na inastahili. Mimi nashuku upepo nao ulimsomesha.

Na jua lenyewe si aminifu kama tunavyolisifu. Mei 2024, wakati tunajua mvua zinatuaga, kilikuja kimbunga Hidaya, maji yakakata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga. Maua nayo huja mapema mwaka huu, mwakani yakachelewa. Ndiyo maana nasimama na masufuria yetu. Sadaka haina siku iliyokatazwa, na hii yetu huitwa na ua lenyewe. Makunduchi wana Mwaka Kogwa wao kila Julai na siwahukumu. Ila hapa mtu alipopendekeza tupange tarehe, tuunde kamati, tushone sare, nilikataa kuliko ustadhi alivyokataa. Siku tutakapoipa tarehe, asiyechanga ataonekana mkosefu, na hapo ndipo tutakuwa tumejitungia Idi ya tatu.

Ustadhi hajakubali, lakini tunazungumza. Juzi nilimsimulia Ramadhani ya 2008, iliyoanza mwanzoni mwa Septemba, salfa bado iko hewani. Watu walimwendea shehe wa wakati ule: unga ukiingia kooni, saumu ipo? Akawajibu kwa fikihi yetu ya Kishafii, kwamba vumbi la njiani na unga wa kuchekecha havifunguzi, na salfa akaipima hapo. Kijana akatoa simu akahesabu: Ramadhani itarudi mwanzoni mwa Septemba mwaka 2040. Mimi sidhani kama nitakuwepo. Yeye atakuwepo, na swali hilo atalijibu yeye. Nilimwambia ajiandae, kwa sababu wapulizaji hawataishia kuuliza kama vumbi linafunguza. Watauliza pia nani atawapulizia mikorosho yao ikiwa atawataka wote safu ya mbele.