Aliyeshika Mavazi

Wengi wetu hatujawahi kukanyaga barafu, na hoki ya barafuni tunaiona kwenye runinga tu, kama tunaiona. Vijana wamevaa viatu vyenye makali ya chuma chini ya nyayo, magongo mkononi, wanakimbizana na kisahani cheusi cha mpira mgumu kwa kasi inayomchosha hata mtazamaji. Tunamwomba ndugu msomaji atuvumilie kwa muda, maana mchezo huo wa mbali umeibua swali ambalo Maandiko yanaliuliza tangu zamani. Kijana anapompiga mwenzake mbele ya macho ya mkubwa wake, nani arudiwe, na kwa kiasi gani?

Tarehe 4 Januari 1987, katika mji wa Piešťany uliokuwa Czechoslovakia wakati huo, timu za vijana za Canada na Umoja wa Kisovieti zilikutana katika mashindano ya dunia ya walio chini ya miaka 20. Canada ilikuwa inaongoza kwa mabao 4 kwa 2, na medali ilikuwa na uhakika nayo. Wasovieti hawakuwa tena na medali ya kugombea. Katika kipindi cha pili wachezaji wachache wakashikana, mchezaji mmoja wa Kisovieti akaruka kutoka benchi, na punde mabenchi yote mawili yakamwagika barafuni. Waamuzi walishindwa, wakaondoka. Wenye uwanja wakazima taa wakitumaini giza litawaachanisha. Vijana wakaendelea kupigana gizani.

Shirikisho la kimataifa liliziondoa timu zote mbili mashindanoni, na Canada ikarudi nyumbani bila medali. Wachezaji walioingia katika ugomvi walifungiwa mashindano ya kimataifa kwa miezi 18. Makocha walifungiwa miaka 3. Kwa maneno mengine, mtu ambaye kazi yake ni kusimama nyuma ya benchi alipewa adhabu maradufu ya yule aliyerusha ngumi.

Je, hiyo ni haki? Mtu anaweza kusema kocha hakumgusa yeyote. Lakini sisi tuliosoma Matendo ya Mitume tunamkumbuka kijana mwingine ambaye naye hakumgusa yeyote. Stefano alipopigwa mawe, walioshuhudia kinyume chake walivua mavazi yao ya nje wakayaweka miguuni pa Sauli. Hatuambiwi kwamba Sauli aliokota hata jiwe moja. Alisimama, akatunza nguo, akaridhika moyoni. Miaka mingi baadaye, alipokuwa Paulo na kusimama mbele ya umati wa Yerusalemu, hakujitetea kwamba mikono yake ilikuwa safi. Alilitaja jambo lile kama sehemu ya maovu yake mwenyewe.

Katika hoki ya Amerika Kaskazini wachezaji wanaotaka kupigana huanza kwa kuangusha glavu zao barafuni. Ni desturi yenye adabu zake, na kanuni ya kawaida kwa miaka mingi imekuwa kumketisha kila mpiganaji nje kwa dakika 5, kisha anarudi kucheza. Tukiona glavu zile zimetapakaa chini hatuwezi kuacha kufikiri juu ya mavazi yale. Aliyeyavua anaonekana. Yule anayeyatunza, kamera huwa haimwangalii.

Inafaa kujua maisha ya vijana hawa kabla hatujawahukumu. Katika ligi kubwa za vijana za Canada wachezaji wengi wana umri wa miaka 16 hadi 20. Wengi huondoka kwao na kuhamia mji wa timu, na huko hulazwa na kulishwa na familia za wenyeji. Baba na mama wako mbali. Anayeamua kama kijana atacheza leo au atakaa benchi ni kocha, na kijana anayeota kuitwa na ligi ya wakubwa anajua kwamba wanaotafuta vipaji watamwona akicheza tu. Mtoto wa miaka 16 akigundua kwamba kocha anampenda zaidi anapopigana, atapigana, wala hahitaji kuambiwa kwa mdomo. Wahenga walitwambia tumkunje samaki angali mbichi, nasi tumezoea kuitumia methali hiyo kuwahimiza wazazi waadhibu. Tukiitazama vizuri inamhusu zaidi mkunjaji. Samaki mbichi hukunjwa upande wowote, na akikauka hatuwezi kumuuliza samaki kwa nini amepinda hivyo.

Kisa cha Québec cha mwaka 2008 kinalileta jambo hili karibu zaidi, kwa sababu kocha na baba walikuwa mtu mmoja. Patrick Roy, mmoja wa makipa mashuhuri kuliko wote katika historia ya mchezo huo na mshindi wa Kombe la Stanley mara 4, alikuwa akiifundisha timu ya vijana ya Québec Remparts, na kipa mmojawapo alikuwa mwanawe, Jonathan. Mwezi Machi walicheza dhidi ya Chicoutimi wakazidiwa vibaya. Ugomvi ulipozuka, Jonathan aliteleza kutoka golini kwake hadi golini kwa wapinzani akamwangushia ngumi kipa wa Chicoutimi, ambaye hakutaka kupigana na hakurudisha. Picha za runinga zilimwonyesha baba akifanya ishara ya mkono kuelekea kwa mwanawe. Wengi waliisoma ishara ile kuwa ruhusa. Yeye alikana kwamba alimtuma.

Ligi ilimfungia mwana michezo 7 na kumtoza faini ya dola 500. Baba alifungiwa michezo 5 na kutozwa dola 4,000. Baadaye kesi ilifika mahakamani, Jonathan akakiri kosa la kushambulia, na mwaka 2009 hakimu akamwachilia bila kumwekea rekodi ya hatia. Aliuacha mchezo akageukia muziki.

Hatutaki kumhukumu mtu kwa ishara ya mkono. Aliyeijua maana yake ni Mungu na mwenyewe. Lakini hata tukikubali neno lake lote, bado kuna habari ya Eli. Watu wengi hudhani kosa la Eli lilikuwa kunyamaza. Hapana. Somo kitabu cha kwanza cha Samweli tena: Eli aliwaita Hofni na Finehasi, akawakaripia, akawaambia habari zao mbaya zimemfikia. Alisema yote ambayo baba mwema angesema. Alichohukumiwa nacho ni kwamba hakuwazuia, naye alikuwa kuhani, mwenye mamlaka ya kuwaondoa madhabahuni. Tena mtu wa Mungu aliyetumwa kwake alimgusia jambo ambalo wahubiri wetu hulipita haraka, yaani kwamba nyumba nzima ilikuwa inanenepa kwa nyama zilizonyakuliwa kutoka katika sadaka za watu. Eli alipokufa tunaambiwa alikuwa mzee na mzito. Kocha anayelaumu ugomvi mbele ya waandishi wa habari, huku timu yake ikiogopwa kwa sababu ya wapiganaji wake na viti vya uwanja vikijaa, anakaa meza hiyo hiyo.

Hapa ndugu mmoja atasimama na Ezekieli mkononi. Sura ya 18 inasema wazi kwamba kila mtu atabeba uovu wake, mwana hatabeba wa baba wala baba wa mwana. Tunakubali, na ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaosema vijana hawa ni watoto tu, wasamehewe wote, aadhibiwe kocha peke yake. Kijana wa miaka 17 ana dhamiri. Ukimwambia kwamba ngumi yake haikuwa yake umemdharau, na umemnyang'anya hata uwezo wa kutubu, maana mtu hutubu lililo lake. Ezekieli anakataza mtu kuadhibiwa kwa dhambi ya mwingine. Kocha haadhibiwi kwa ngumi ya kijana. Anaadhibiwa kwa kazi yake mwenyewe aliyoifanya au aliyoiacha.

Kule Piešťany palikuwa na ushahidi kwamba dhamiri ilikuwapo. Wenzake wa Canada walipomwagika barafuni, Pierre Turgeon alibaki ameketi kwenye benchi. Wengine hawakumsamehe kwa muda mrefu, na tusifanye haraka kuwacheka. Waliwaona ndugu zao wakipigwa, wengine wakiwa wawili kwa mmoja, na huyu hakuinuka. Musa alipomwona Mwebrania akipigwa, aliinuka. Kwa mtu aliyelelewa kumtetea mwenzake, benchi lile lilinuka usaliti. Sisi tumelijadili jambo hili kwa muda na hatukufika mahali pamoja kwa wepesi. Tunachoegemea ni hiki: kuinuka kwenda kumtoa mwenzako chini ni jambo moja, na kuinuka kwenda kutafuta mtu wa kupigana naye ni jambo lingine, na gizani hayatofautiki. Kijana wa miaka 17 aliyekaa alikataa kuingia mahali ambapo tofauti hiyo imekwisha kupotea. Aliendelea kucheza, akafunga zaidi ya mabao 500 katika ligi ya wakubwa, na mwaka 2023 aliingizwa katika Jumba la Heshima la hoki. Mabao hayathibitishi kwamba alikuwa sahihi, lakini yanajibu dai la kwamba asiyepigana hana moyo wa mchezo.

Kuhusu sheria tutasema kwa ufupi. Mapema mwaka 2009 mchezaji wa miaka 21 wa ligi ya ridhaa huko Ontario alifariki baada ya kugonga kichwa kwenye barafu katika pigano, kofia yake ngumu ikiwa imetoka. Ligi ya vijana ya jimbo hilo ikapiga marufuku kuvua kofia wakati wa kupigana. Tulipoisoma kanuni hiyo tulikumbuka jibu la Bwana kuhusu hati ya talaka, kwamba Musa aliruhusu kwa ajili ya ugumu wa mioyo. Kanuni ile iliokoa vichwa, tunashukuru. Lakini ilikuwa inaliwekea pigano utaratibu. Ligi ya vijana ya Québec ilikwenda mbele zaidi, na tangu msimu wa 2023-24 anayepigana hutolewa nje ya mchezo papo hapo.

Linabaki jambo la rehema. Adhabu ya miezi 18 ilipunguzwa baadaye kwa baadhi ya wachezaji, na katika mashindano yaliyofuata, huko Moscow, mmoja wa waliokuwa barafuni usiku ule, Theo Fleury, alikuwa nahodha wa Canada na timu ikatwaa dhahabu. Kupunguza adhabu si vibaya. Baba yule wa mwana mpotevu hakumwekea mtoto muda wa kungoja mlangoni. Ila kanisa lina wajibu wa kuuliza rehema imetolewa kwa nani na kwa sababu gani, kwa kuwa kijana mwenye kipawa husamehewa haraka, na yule wa benchi la mwisho hutumikia miezi yake yote.

Paulo naye alipoondoka katika njia ile hakupanda mara moja kwenda Yerusalemu. Anawaeleza Wagalatia kwamba ilipita miaka mitatu, sawa na ile ya makocha wa Piešťany. Na alipofika, wanafunzi walimwogopa, mpaka Barnaba akamshika akampeleka kwa mitume na kuwaeleza yaliyompata. Kamati ya nidhamu inaweza kuhesabu miezi na michezo. Haiwezi kuwa Barnaba. Kwa kocha anayetaka kurudi kulea vijana anahitajika mtu anayemfahamu, wa kuja pamoja naye na kusema amegeuka. Kule Québec, baada ya michezo 5, tungetaka swali hilo lipelekwe kwanza kwa wazazi wa yule kipa wa Chicoutimi, kisha kwa kipa mwenyewe.