Kinachohifadhiwa Katika Nyumba ya Kale: Mji Mkongwe na Fikra ya Wakfu

Kuhifadhi jengo la kale ni kuamua kwanza ni kitu gani ndani yake kisichopaswa kupotea. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kazi hiyo imekabidhiwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, chombo cha serikali kilichoundwa mwaka 1985, miaka 15 kabla ya mji huo kuingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwenye nyumba anayetaka kubomoa ukuta, kuongeza ghorofa au kung'oa mlango wa nakshi hana budi kupata kibali. Kwa sheria, suala ni la ujenzi. Kwa undani wake ni la falsafa: jengo ni lile lile kwa sababu ya mawe yake, umbo lake, au kusudi lililolijenga?

Jibu la kwanza, kwamba jengo ni mawe yake, linashindwa na ujenzi wenyewe. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haziwi ndefu, vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Saruji huufungia ndani, lipu ikabanduka, na ncha za boriti zilizozama ukutani zikaoza bila kuonekana mpaka sakafu inapoanza kulegea. Nyumba ya namna hii haidumu ila kwa kubadilishwa: lipu hupigwa upya, boriti hutolewa moja moja na kutiwa nyingine. Iliyokaa miaka mia na hamsini huenda imebaki na sehemu ndogo tu ya vitu vilivyotumiwa na mafundi wa kwanza.

Ulaya ya karne ya 19 iligawanyika juu ya jambo hili. Mwingereza John Ruskin alishikilia kwamba jengo lililokufa halifufuliki, na kwamba kulijenga upya ni kusema uongo. Wajibu wa watu ni kulitunza mapema lisifike huko. Mfaransa Eugène Viollet-le-Duc aliona kwamba fundi anaweza kulirudisha jengo katika ukamilifu wake, hata ule ambao halikuwahi kuwa nao. Hati ya Nara, iliyotolewa Japani mwaka 1994, iliongeza jambo ambalo wote wawili hawakulipa uzito: uhalisi hauwezi kupimwa kwa kipimo kimoja duniani kote, bali kwa thamani za utamaduni husika, zikiwemo matumizi ya jengo na ujuzi wa kulijenga.

Jibu la pili, kwamba jengo ni umbo lake, linajaribiwa na Beit al-Ajaib. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultan Barghash. Mnara wa taa uliosimama mbele yake uliharibiwa na mizinga ya Waingereza mwaka 1896, na katika matengenezo yaliyofuata mnara wa saa ukaunganishwa na jumba lenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu ya jumba pamoja na mnara huo iliporomoka na watu wawili wakafariki. Anayetaka kulirudisha umbo lake lazima aseme ni umbo lipi. Sura ya 1883 haikuwa na mnara huo wa saa. Sura iliyozoeleka na Wazanzibari kwa zaidi ya miaka mia ilikuwa nao.

Jibu la tatu, kusudi, lina mizizi mirefu katika sheria ya Kiislamu. Umar bin al-Khattab alipopata shamba Khaybar, Mtume alimwelekeza azuie asili yake na kutoa matunda yake sadaka. Hapo ndipo wanazuoni wanapojenga hukumu za wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Masunni wengi wa pwani, yanafika mbali zaidi: msikiti ukianguka na ukashindikana kujengwa tena, mahali pale hubaki msikiti na hapauzwi. Wahanbali huruhusu kuuza na kuhamishia wakfu mahali pengine manufaa yake yakikatika. Wote wanakubaliana kwamba wakfu haufi kwa kuanguka ukuta. Wanahitilafiana kama umefungwa na mahali au na manufaa.

Fikra hii inaihusu moja kwa moja kazi ya serikali, kwa sababu nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu na husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Waliozitoa walikusudia kodi yake itunze misikiti, maskini au dhuria wao. Lakini kodi ikiwa ndogo haitoshi hata kutengeneza paa linalovuja, na ikipandishwa hadi bei ya soko wapangaji maskini huondoka. Huko nako nyumba iliyogeuzwa hoteli yaweza kuwa na nakshi zote na baraza safi, huku jirani aliyekuwa akikaa barazani amehamia nje ya Mji Mkongwe. Kwa kipimo cha umbo imehifadhiwa. Kwa kipimo cha manufaa imepotea.

Hata hivyo, kusudi peke yake halitoshi. Likiachwa liamue, linaweza kuhalalisha kubomoa nyumba ya kale na kujenga ghorofa la saruji lenye kodi kubwa zaidi kwa mayatima. Kinachozuia hilo ni kanuni ile ile ya wakfu, inayotaka asili izuiwe ndipo matunda yatolewe. Kwa msingi huo, kibali cha ujenzi hulinda asili, yaani umbo pamoja na ufundi wa chokaa na boriti. Nayo sera ya kodi, makazi na mafunzo ya mafundi hulinda manufaa. Mamlaka inayotoa vibali bila kujali wakaaji, au inayowajali wakaaji huku ikifumbia macho saruji ukutani, huwa imehifadhi nusu tu ya kile ilichokabidhiwa.