Umebatizwa: Je, Deni la Jirani Nalo Limefutwa?

Somo: Luka 19:1-10



Mwaka 2000 ndugu wawili wa Marekani, Joel na Ethan Coen, walitoa filamu ya kuchekesha iitwayo O Brother, Where Art Thou? Waliijenga juu ya utenzi wa kale wa Wayunani, Odisei wa Homeri, unaomsimulia mtu aliyetangatanga miaka kumi baada ya vita akitafuta njia ya kurudi kwake. Wao waliihamishia habari hiyo Mississippi ya mwaka 1937. Wafungwa watatu, Everett, Pete na Delmar, wanatoroka na minyororo miguuni. Filamu imejaa nyimbo za zamani za mashambani na za makanisani, na albamu yake ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka 2002.

Sisi tulio mbali na kwetu hatuhitaji kufundishwa hamu ya kurudi. Tuangalie jambo lingine. Porini watatu hao wanakutana na waumini waliovaa nguo nyeupe, wakishuka mtoni huku wakiimba. Delmar anakimbilia majini, anabatizwa, anatoka akishangilia kwamba dhambi zake zote zimeoshwa, hata ile ya duka aliloliibia. Kumbe siku zote alikuwa akisema hana hatia! Uongo huo nao, anasema, umeoshwa. Everett anamjibu kwamba hata kama Mungu amesamehe, serikali ya Mississippi ni ngumu zaidi.

Tunacheka. Lakini nani kati yao amesema kweli?

Delmar ameshika neno kubwa: neema hainunuliwi, na Mungu akisamehe amesamehe. Everett ameona kwamba kosa lina upande mwingine, ila yeye anaogopa jela tu. Mmoja anafikiri habari za roho yake, mwingine habari za polisi. Aliyeibiwa hatajwi na yeyote.

Zakayo alimtaja. Yesu alipoingia nyumbani mwake, alisimama akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakulipa ili apendwe. Alipendwa kwanza, ndipo mkono wake ukafunguka. Na Bwana anatuagiza katika Mathayo 5:23-24 kuacha sadaka mbele ya madhabahu, twende kwanza tukapatane na ndugu.

Hapa kambini neno hili lina uzito. Wapo waliochukua mbuzi wa jirani wakati wa vita, na leo jirani huyo anakaa benchi moja nao. Yupo aliyekula mgao wa mjane kwa kutumia kadi yake. Yupo aliyelima shamba la mtu aliyekimbia, akalizoea mpaka akaliita lake. Wakibatizwa, tunawapigia vigelegele, na ni haki. Lakini mbuzi bado ana mwenyewe.

Mtasema: tutalipa kwa nini, nasi hatuna kitu? Tuanze na kukiri mbele ya huyo tuliyemkosea. Kisha kidogo kidogo: kikombe cha unga, siku moja ya kulima, mpaka wa shamba kutajwa kwa ukweli. Na kama aliyekosewa amekufa wala hana ndugu wa kupokea, Hesabu 5:8 inasema malipo yawe ya Bwana. Mungu alijua kwamba wengine hatutawakuta tena.

Naye aliyekosewa tusimsukume. Sisi wachungaji hatuna ruhusa ya kumwambia, "Samehe upesi, mwenzako ameshaokoka." Kusamehe ni amri, lakini machozi yana muda wake, na ukweli unayasaidia kukauka.

Everett alifika kwao, akakuta binti zake wameambiwa kwamba baba yao aligongwa na treni, na mkewe yu karibu kuolewa na mwingine. Kufika mlangoni hakutoshi. Siku Mungu atakapotufungulia njia ya nyumbani, tutakutana na watu wenye hesabu zetu. Tuanze kulipa hapa hapa.

Bwana atupe moyo wa Zakayo. Amina.