Mbwa wa Sinema na Mbwa wa Jaani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyeumba kila mnyama akamdhaminia riziki yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyetumwa awe rehema kwa viumbe vyote. Amma baad.

Katika darasa letu la baada ya Magharibi, kijana mmoja aliuliza suala ambalo wakubwa waliokuwapo walilicheka. Alisema, "Sheikh, mtu akimwona mbwa katika simu akampenda, apata dhambi?" Nami nalimjibu kwa ufupi kuwa kutazama si dhambi, tukaendelea na kitabu. Walakini usiku ule sikulala vizuri, kwa kuwa suala lile lilinigusa mahali palipokuwa pananiuma tangu safari yangu ya Nairobi. Basi nataka kumjibu hapa kwa urefu, na sina budi kuanza kwa aibu yangu mwenyewe.

Nalikwenda kumzuru ndugu yangu wa ukoo anayekaa Baba Dogo, upande wa mashariki wa Nairobi, penye viwanda na nyumba za ghorofa zilizobanana. (Sisi watu wa pwani tungelisema Baba Mdogo, lakini jina la mahali halisahihishwi na mgeni.) Usiku baada ya Isha watoto wa nyumba ile na wa majirani walikusanyika juu ya simu moja, vichwa vimegusana. Walimtazama mbwa aliyevikwa koti akitembea kwa miguu miwili, kisha mbwa mwingine akimlilia bwana wake aliyerudi safarini, kisha kasuku aimbaye, kisha kobe akila tikiti. Walicheka hata machozi yakawatoka, na mdogo wao, msichana wa miaka kama sita, alikibusu kioo cha simu. Wala sitaficha: nalicheka pamoja nao.

Asubuhi yake nalitoka, nikawakuta wavulana wale wale, na vikofia vyao vya chuoni kichwani, wamemzingira mbwa jike penye jaa lililo nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda, mbavu zahesabika, chuchu zanin'ginia. Dhahiri alikuwa na watoto mahali karibu. Walimpiga mawe kwa zamu, na aliyelenga vyema alishangiliwa. Jiwe moja lilimpata mguuni, akalia. Nami nalifanya nini? Nalikunja kanzu yangu isiguswe, nikapita. Mmoja wa wavulana alinitolea salamu na jiwe li mkononi mwake, nami nikamrudishia salamu yake kamili.

Wanavyuoni wametupokelea khabari ya Ibn Umar, Mungu awe radhi naye, kuwa aliwapita vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakamfanya shabaha ya mishale yao. Walipomwona tu walitawanyika. Akauliza ni nani aliyefanya jambo lile, akawakumbusha kuwa Mtume S.A.W. amemlaani mwenye kukifanya shabaha kiumbe chenye roho. Nimeisoma hadithi hii mara nyingi, na nimeisomesha. Lakini fikirini tafauti iliyoko: vijana wale walitawanyika walipomwona Ibn Umar, na wale wa Baba Dogo waliponiona mimi walinisalimu. Walijua sitasema kitu. Na wamejuaje, illa kwa sisi waalimu wao?

Sisi tumewafundisha nini juu ya mbwa? Tumewafundisha kuwa ni najisi nzito katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, na kuwa akiramba chombo kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Tumewafundisha kuwa malaika wa rehema hawaingii nyumba iliyo na mbwa, na kuwa mwenye kumfuga pasina haja hupunguziwa thawabu zake kila siku. Yote haya ni kweli, wala sikukusudia kuilegeza sharia ili tupendwe na wazungu wanaolala na mbwa kitandani. Lakini tulipofika hapo tulifunga kitabu. Hatukuwaambia kuwa sharia hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, na wa kulinda mifugo, na wa shamba. Hatukuwaambia kuwa mbwa mkavu akiigusa nguo kavu hakuna cha kuosha. Hatukuwaambia kuwa Imamu Malik, ambaye hakuna awezaye kumtoa katika maimamu, ameona kuwa mbwa ni tahiri, na kuosha kule mara saba ni ibada tu. Na katika Sura ya Al-Kahf Mwenyezi Mungu amemtaja mbwa aliyelala penye kizingiti cha pango, amenyosha mikono yake, akamhesabu pamoja na wale vijana waliokimbia na dini yao. Wafasiri wengine wamejichosha kubishana alikuwa na rangi gani na jina lake nani. Mimi naona inatosha kuwa alikuwapo.

Unajisi ni hukumu ya mate na chombo. Dawa yake ni maji na udongo. Haukuwa hata siku moja hukumu ya chuki, wala ruhusa ya kumtesa kiumbe. Mkojo wa mtoto wangu nao ni najisi, na hakuna aniambiaye nimpige mawe.

Hapa mzazi mmoja ataniambia, "Sheikh, wewe hujaona mtu aliyeshikwa na kichaa cha mbwa." Maneno yake ni ya haki, wala simbezi. Ugonjwa huo ukisha kudhihirika kwa mtu haponi, ila kwa nadra mno, na karibu watu wote wanaoupata ulimwenguni huupata kwa kuumwa na mbwa. Serikali ya Kenya ilitoa mpango mwaka 2014 wa kuumaliza ifikapo 2030, na msingi wake ni kuwachanja mbwa. Mbwa mwenye kuuma, sharia yenyewe imeruhusu auawe. Lakini mawe ya watoto hayachanji mbwa. Humfunza mbwa kuuma. Mwenye khofu ya kweli angelimwita daktari wa wanyama, angeliondoa jaa mlangoni pake, na mtoto wake akiumwa angeliliosha jeraha kwa maji mengi na sabuni na kumpeleka hospitali saa hiyo hiyo.

Nairobi hiyo hiyo, mwezi wa Mei 2005, ilitokea khabari iliyozunguka dunia. Mbwa jike asiye na mwenyewe alimkuta mtoto mchanga aliyetupwa ndani ya mfuko karibu na msitu wa Ngong, akambeba kwa meno akavuka naye barabara, akapenya ua wa waya, akamweka bandani alipokuwa akinyonyesha. Watu walisikia kilio wakamkuta. Mtoto alipelekwa Hospitali ya Kenyatta, akaishi, na wauguzi wakamwita Angel. Mbwa naye akaitwa Mkombozi. Mimi sijui ni nini kilichokuwa katika moyo wa mnyama yule, wala sitamtilia akili ya binadamu. Twajua hili tu: mwenye akili ndiye aliyemtupa, na asiye na akili ndiye aliyemwokota. Na siku moja kabla ya hapo, Mkombozi alikuwa mbwa wa jaani kama yule wa Baba Dogo, na wavulana wangeliweza kumpiga mawe kwa zamu.

Sasa turudi kwa kijana wetu na simu yake. Kupendezwa na kuhurumia ni mambo mawili, ijapokuwa yakaa katika moyo mmoja na mtu huyachanganya. Kupendezwa humrudia mwenyewe: nimeona, nimecheka, nimefurahi, aliyepewa kitu ni mimi. Kuhurumia humwendea mwingine, na mara nyingi humpunguzia mtu kitu chake, maji yake au wakati wake au usafi wa nguo yake. Mbwa wa simu hanuki, haumi, hana viroboto, wala hatii chombo najisi, na ukimchoka wamwondoa kwa kidole. Tena twampenda kwa kuwa ametuiga: amevaa koti, amecheza ngoma, ametikisa kichwa kana kwamba aelewa. Yule wa jaani hakutuiga. Ana njaa tu.

Wakubwa wetu wamkumbuka Elsa. Mwaka 1956 George Adamson, aliyekuwa bwana nyama upande wa kaskazini wa Kenya, alimpiga risasi simba jike aliyewarukia, ikadhihiri baadaye kuwa alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alilelewa na Joy mkewe, akaandikiwa kitabu mwaka 1960, na sinema ikatoka mwaka 1966, watu wakalia katika kila mji. Mama yake simba huyu hakuna aliyempa jina. Na mmoja wa simba waliochezeshwa katika sinema hiyo, aitwaye Boy, alimwua mwaka 1971 huko Kora mtumishi wa Adamson aitwaye Stanley, na Adamson akampiga risasi simba yule. Ulizeni watu waliompenda Elsa kama wapata kumsikia Stanley.

Kuna kisa kingine ambacho chanipa taabu zaidi, kwa kuwa hakiniachi niseme kuwa sinema yote ni upuuzi. Wachezaji wawili wa sinema ya Elsa, Bill Travers na Virginia McKenna, walirudi Kenya mwisho wa miaka ya 1960 kupiga picha nyingine, na humo alitiwa mtoto wa ndovu aitwaye Pole Pole. Ndovu huyo alikuwa amekwisha kutolewa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Wao walitaka kumnunua wamwache nchini mwake, wakaambiwa kuwa akiachwa huyu atakamatwa mwingine mahali pake, wakanyamaza. Watu wakafurahi kwa picha, naye akasafirishwa. Miaka mingi baadaye walimwendea London wakamwita, akawanyoshea mkonga wake. Alikufa huko mwaka 1983, na mwaka uliofuata wakaanzisha chama cha kuwatetea wanyama waliofungwa. Basi mlango wa kupendezwa waweza kumfikisha mtu kwenye huruma. Lakini tazameni ilivyowachukua miaka, na aliyelipa ni nani.

Mwenye kutaka kipimo na amtazame yule mtu aliyesimuliwa na Mtume S.A.W., aliyeshikwa na kiu njiani akateremka kisimani akanywa. Alipotoka alimkuta mbwa ametoa ulimi, alamba udongo kwa kiu. Hakuwa mbwa wa kupendeza, wala hapakuwa na mtu wa kutazama. Yule mtu alikuwa amekwisha kunywa, hana haja tena na kisima. Akateremka mara ya pili, akakijaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno apate kupanda kwa mikono yake miwili. Fikirini kiatu kilicholoa kinywani, na ukuta wa kisima. Kwa jambo hilo Mungu alimshukuru akamghufiria. Na masahaba walishangaa kama sisi tunavyoshangaa, wakauliza kama wana thawabu hata katika wanyama, naye akawajibisha kuwa kila kiumbe kilicho hai kina thawabu yake kwa mwenye kukitendea wema.

Hapa pwani tuliona mfano wake. Siku zile za tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko alikwama baharini karibu na Sabaki, na watu wa Malindi wakaingia majini na nyavu na kamba hata wakamtoa. Baadaye alipelekwa Haller Park, Mombasa, akasuhubiana na kobe mkubwa aitwaye Mzee, na picha zao zikawafurahisha watoto wa dunia nzima. Lakini walioingia majini waliingia kabla ya picha, kiboko akiwa hana jina. Kwa upande wa pili, punda wa Lamu wametubebea mawe na boriti karne kwa karne, na hospitali yao ikaja kufunguliwa na chama cha Waingereza mwaka 1987. Yafaa Waislamu tuone haya kidogo hapo.

Kwa hivyo, kijana wetu, kucheka kwako mbele ya simu si dhambi, nami sikukutoza kitu kwacho. Aliye na la kujibu ni mimi niliyecheka usiku na kupita asubuhi.

Juma hili nalipiga simu Baba Dogo, nikaomba niwekewe wavulana wote wasikie. Naliwaambia kuwa nilikosa siku ile, na kuwa salamu niliyowarudishia ilikuwa ni kuwaridhia. Walinyamaza. Kisha mkubwa wao akaniambia kuwa yule mbwa yuko bado, achechemea, na watoto wake wamesalia wawili. Nikawaambia wamtafutie kopo la maji liwe lake peke yake, lisichanganywe na vyombo vya nyumbani. Na likichanganywa wajua hukumu yake, mara saba na mara moja kwa udongo tahiri. Yule mkubwa akauliza, "Sheikh, udongo tahiri tutaupata wapi hapa? Wote una oili na takataka." Nikamwambia achimbe kidogo, auondoe ule wa juu.